Kwiro: Misheni Iliyorithiwa Mara Mbili

Anayetoka Ifakara kwenda Mahenge huvuka kwanza Mto Kilombero, zamani kwa pantoni na tangu 2018 kwa daraja, ndipo aanze kupanda milima ya Wapogoro. Huko juu, karibu na mji wa Mahenge, ndiko iliko misheni ya Kikatoliki ya Kwiro. Watu wengi huitaja kama kazi ya Wakapuchini wa Uswisi, na kwa sehemu kubwa hawakosei. Ila si wao walioianzisha.

Walioanza ni Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, wamonaki wa Kijerumani, mwaka 1902. Hawakupata muda wa kutulia. Agosti 1905 Vita vya Maji Maji vikawaka kusini kote. Askofu wao, Cassian Spiss, aliuawa njiani akielekea Peramiho, na tarehe 30 ya mwezi huohuo Wapogoro na Wambunga wakalishambulia boma la Wajerumani la Mahenge. Bunduki za rashasha ziliwaangusha watu waliokuja wakiamini kwamba dawa ya maji ingewakinga na risasi. Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko mapigano yenyewe: Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza waliosalia. Ukristo wa Ulanga, wilaya ya Mahenge, ulikua katika nchi iliyokwisha kuvunjwa, na sioni vipi historia yake isimuliwe bila kulisema hilo.

Vita Kuu ya Kwanza ikaja kuwaondoa wamonaki. Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka Mahenge, na baada ya vita Waingereza hawakutaka wamisionari Wajerumani katika Tanganyika. Roma ikahitaji watu wasio na upande. Waswisi walifaa: nchi yao haikupigana na yeyote, na wengi wao walizungumza Kijerumani, hivyo waliweza kusoma vitabu na madaftari yaliyoachwa. Mwaka 1921 Wakapuchini wakafika Dar es Salaam wakiongozwa na Gabriel Zelger, pamoja na masista Wafransisko wa Baldegg, wakakabidhiwa eneo lililoanzia pwani hadi Ulanga.

Mkapuchini ni ndugu wa Mtakatifu Fransisko, wa tawi lililozaliwa Italia karne ya 16 kwa kutaka kurudia umaskini wa mwanzo. Kwa kanuni yake hana mali, anaishi kwa sadaka. Sasa mweke ndugu huyo juu ya milima ya Mahenge, mahali ambapo ajira ya mshahara haipatikani kirahisi. Ana mashamba, mafundi na shule, na waumini wanaohitaji kibarua. Mtu mmoja mmoja alibaki maskini kwa nadhiri, misheni ikawa tajiri wa milima yote. Maia Green, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wapogoro na kuchapisha kitabu juu ya Ukatoliki wao mwaka 2003, anaonyesha jinsi utajiri huo ulivyowakaa watu moyoni hata baada ya wazungu kuondoka. Padre kwao alikuwa mtu wa sakramenti, na papo hapo mtu wa vitu.

Tusisahau waliobeba kazi kwa miguu. Mapadre walikuwa wachache na vigango vingi. Makatekista ndio waliofundisha sala, kusoma na kuandika, wakazika na kuwaandaa watu kwa ubatizo, padre akifika kwa zamu tu. Vitabu vya kumbukumbu vinajaa majina ya Waswisi. Ya makatekista hayaonekani sana.

Nisingependa kupita haraka habari ya kifafa. Milima ya Mahenge ina wagonjwa wengi wa kifafa kuliko sehemu nyingi za dunia. Zamani waliogopwa. Iliaminika kwamba mate ya mgonjwa huambukiza, kwa hiyo alitengwa, akala peke yake, na akianguka motoni wengine waliogopa kumgusa. Makovu ya moto yalikuwa alama yao. Mwaka 1960 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge kwa msaada wa misheni. Dawa ilikuwa fenobabitoni, ya bei nafuu na ya kumeza kila siku. Ugumu ulikuwa kuifikisha kwa mtu anayeishi umbali wa siku nzima ya mwendo, tena bila kukatiza. Hapo ndipo mtandao wa misheni ulipokuwa na thamani kuliko hospitali kubwa, kwa kuwa tayari ulifika vijijini. Jilek-Aall aliona pia watoto waliokuwa wakitikisa vichwa kwa kifafa cha namna ya pekee. Utafiti wa miaka ya karibuni umeuhusisha ugonjwa huo na usubi, unaoletwa na inzi wa mito ya huko.

Kisha urithi ukapita mara ya pili. Edgar Maranta, Mkapuchini aliyekuwa askofu wa Dar es Salaam tangu 1930, alipata msaidizi Mwafrika mwaka 1956: Elias Mchonde. Tarehe 21 Aprili 1964, siku 5 kabla ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, Mahenge ikawa jimbo, na Mchonde akawa askofu wake wa kwanza. Alifariki 1969. Mwishoni mwa muongo huo serikali ilitaifisha shule za mashirika ya dini. Waliosoma katika shule ya Kwiro baada ya hapo walisoma shule ya serikali.

Cha kushangaza ni kwamba kwa miongo mingi Wakapuchini waliandaa mapadre wa jimbo, si ndugu wenzao. Kwa hiyo walipopungua, Kwiro ilikuwa na wa kuipokea. Mwaka 2012 Ifakara nayo ilimegwa kutoka Mahenge ikawa jimbo, chini ya Askofu Salutaris Libena.