Mwalimu na Mkaguzi Katika Historia ya Rumonge

Wazee wetu wa Rumonge na Nyanza-Lac walisomea shule za misheni. Wakati wa Wabelgiji serikali ilitoa ruzuku. Wamisionari ndio waliofunza walimu na kukagua madarasa. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 nchi ilihitaji walimu wake, na mwaka 1965 Ecole Normale Supérieure ilianzishwa Bujumbura kwa msaada wa UNESCO.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kando ya ziwa, na watu wengi, hasa Watutsi, wakauawa. Kisha jeshi na vijana wa chama tawala wakawaua Wahutu, wakianza na waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Wengine walitolewa darasani. Wengi waliopona walikimbilia Tanzania.

Mwaka 1973 Kirundi kilifanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi. Lakini wazazi wengi wa Kihutu waliogopa kuandikisha watoto, maana kusoma kulikuwa kumeleta kifo.

Mwalimu hufunzwa kwa miaka, huuawa kwa usiku mmoja. Mkaguzi huhesabu madawati. Imani ya mzazi haihesabiki. Kwa hiyo wazazi, ingieni madarasani, mjue wanachofundishwa watoto wenu.