Jinsi ya Kupanga Barua Pepe za Kazi kwa Mradi, Usije Ukakosa Ushahidi Siku ya Malipo

Mteja anasema hakuwahi kukubali bei mpya. Fundi ana uhakika alikubali, tena kwa maandishi. Shida ni kwamba jibu hilo limezama kwenye inboksi yenye maelfu ya barua pepe, katikati ya matangazo, taarifa za benki na mialiko ya vikao. Akilikosa, anayeumia ni yeye, kwa sababu kazi ameshaifanya.

Hali hii huwakuta wengi wanaofanya kazi kwa simu: wakandarasi wadogo, wapiga picha, wahasibu, watu wa mashirika, hata wafanyakazi wa ofisini. Dawa yake haihitaji programu ya kununua. Inahitaji utaratibu mmoja tu: kila barua ya kazi ijulikane ni ya mradi gani.

Kwa nini mradi, na si mtu au tarehe?

Wengi hupanga barua kwa jina la mtumaji. Lakini mradi mmoja unaweza kuwa na barua za mteja, muuza vifaa, msafirishaji na bosi. Ukipanga kwa majina, habari ya kazi moja inatawanyika sehemu nne.

Tena, mteja mmoja anaweza kukupa kazi tatu kwa mwaka. Ugomvi ukitokea, swali halitakuwa "fulani aliandika nini?" Litakuwa "kwenye kazi ile ya madawati, nani alikubali nini, na lini?" Panga barua zako kwa namna utakavyokuja kuzitafuta.

1. Anza na jina la mradi

Tumia jina fupi la mtindo mmoja: mwaka, mteja, kazi. Mfano: 2025-Shule-Madawati. Mwaka ukitangulia, orodha itajipanga yenyewe kuanzia ya zamani hadi mpya.

Jina hilohilo litumie kwenye kichwa cha barua, kwenye ankara na kwenye folda ya picha na mikataba. Ukiwa na majina matatu kwa kazi moja, siku ya kutafuta utajichanganya mwenyewe.

2. Tengeneza lebo au folda

Kwenye Gmail kuna lebo. Barua moja inaweza kubeba lebo zaidi ya moja, kwa mfano ya mradi na ya "Malipo". Kwenye Outlook kuna folda, na barua hukaa kwenye folda moja kwa wakati mmoja, kama karatasi kwenye faili.

Usifungue lebo 50 siku ya kwanza. Anza na miradi inayoendelea sasa, halafu ongeza "Utawala" kwa mambo ya ofisi yasiyo na mradi. Lebo zikizidi, utachoka kuchagua na mwishowe utaacha kabisa.

3. Acha mashine ifanye kazi ya kuchambua

Gmail ina vichujio vinavyobandika lebo vyenyewe barua inapoingia. Kuvitengeneza kunahitaji kufungua Gmail kwenye kivinjari cha kompyuta, maana programu ya simu haina sehemu hiyo. Kama huna kompyuta, azima kwa nusu saa au nenda intaneti kafe, ila kumbuka kutoka kwenye akaunti ukimaliza. Ukishatengeneza, vichujio vitafanya kazi hata unaposomea barua kwenye simu.

Bonyeza alama ya mistari iliyo kwenye kisanduku cha kutafutia, andika anwani ya mteja au jina la mradi, kisha chagua kutengeneza kichujio na lebo ya kubandika. Unaweza pia kuchagua kiguse barua za zamani zinazofanana. Usichague barua mpya ziruke inboksi, la sivyo mteja ataandika na wewe hutaona.

Kuna ujanja mwingine ambao wengi hawaujui. Kwenye Gmail unaweza kuongeza alama ya kujumlisha na neno kabla ya @, kama jina+madawati@gmail.com, na barua itakufikia vilevile. Mpe mteja anwani hiyo, kisha weka kichujio kinachoitambua.

4. Mradi mmoja, mazungumzo mamoja

Hapa ndipo mambo huharibika. Mteja anafungua barua ya zamani ya madawati, anabonyeza kujibu, halafu anaulizia bei ya milango. Ukiendelea hapohapo, kazi mbili zinafungwa kwenye kamba moja.

Mjibu kwa barua mpya yenye kichwa kipya: "2025-Shule-Milango: bei". Naye akijibu atakuwa kwenye uzi sahihi bila hata kuambiwa.

5. Makubaliano ya simu na WhatsApp yaingize kwenye barua

Tuseme ukweli, mengi huamuliwa kwa simu. Mteja anapiga, anasema "badilisha mbao, nitaongeza hela", basi imeisha. Baada ya miezi mitatu kila mtu anakumbuka lake.

Ukikata simu tu, tuma barua fupi: "Kama tulivyoongea leo mchana, tunabadilisha mbao na bei inaongezeka. Tafadhali thibitisha." Ni mistari miwili, lakini ina tarehe na ina jina la mradi. Akijibu "sawa", umeshapata ushahidi. Asipojibu, angalau kuna rekodi kwamba ulimjulisha mapema.

6. Kuweka kwenye kumbukumbu si kufuta

Wapo wanaoogopa alama ya kisanduku chenye mshale unaoelekea chini. Kwenye Gmail alama hiyo huondoa barua kwenye inboksi bila kuifuta. Inabaki kwenye lebo yake na kwenye sehemu ya barua zote, na mtu akiijibu inarudi inboksi.

Kufuta ni jambo jingine. Barua iliyofutwa hukaa kwenye tupio siku 30, kisha inapotea moja kwa moja. Angalia pia kidole chako: kwenye simu, kutelezesha barua pembeni kunaweza kuihifadhi au kuifuta, kutegemea mipangilio. Ingia kwenye mipangilio uhakikishe imewekwa kuhifadhi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba barua iliyohifadhiwa bado inakula nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, zinazogawanywa kati ya Gmail, Drive na Picha. Nafasi ikijaa, barua mpya zinaweza kukataliwa. Ukitaka kuona mizigo mikubwa, andika larger:10M kwenye kutafuta. Utapata barua zinazozidi MB 10, uamue zipi ziende.

7. Funga mradi kama unavyofunga duka

Kazi ikiisha na hela ikiingia, tenga dakika 20. Tafuta barua zinazobeba uzito: mkataba, oda, mabadiliko ya bei, ankara, uthibitisho wa kupokea kazi na uthibitisho wa malipo. Ukiandika has:attachment pamoja na jina la mradi, zenye viambatisho zitajitokeza.

Zihifadhi kama PDF. Kwenye simu ya Android, fungua barua, bonyeza nukta tatu, chagua kuchapisha, kisha hifadhi kama PDF. Weka nakala sehemu mbili, mfano Drive na flashi. Simu huibiwa na nywila husahaulika. Google nayo inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2.

Zihifadhiwe muda gani?

Kwa mfanyabiashara wa Tanzania au Kenya, sheria za kodi zinataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5. Madai ya mkataba nayo yanaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 6. Kwa hiyo, kufuta barua za mradi mwaka mmoja baada ya kazi ni kujivua nguo mwenyewe.

Sheria za nchi zote mbili pia zinatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Kwa sababu hiyo usifute barua halisi hata ukiwa na picha ya skrini. Barua yenyewe hubeba tarehe, saa na njia iliyopitia, vitu ambavyo picha huenda isivionyeshe vyote.

Kama akaunti ni ya mwajiri

Barua za akaunti ya ofisi ni mali ya ofisi. Usizitume kwenye akaunti yako binafsi bila ruhusa, hasa zenye taarifa za wateja. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022, na Kenya tangu 2019. Ukiwa unahama kazi, kabidhi lebo au folda za miradi zikiwa safi. Anayekuja ataelewa kazi ilipofikia, na wewe hutapigiwa simu kila siku kuulizwa faili liko wapi.

Inboksi imeshajaa, uanzie wapi?

Usijaribu kupanga barua za miaka mitano kwa usiku mmoja. Chagua mradi mmoja ambao bado unadai hela. Upe jina, uwekee lebo, kusanya barua zake zote, kisha itafute ile ambayo mteja alisema "sawa". Hiyo ndiyo ya kwanza kuhifadhi kama PDF, leo hii.