PlayStation 2: konsoli ya moyo, na koltani ya Kivu

Konsoli gani ya michezo ya video ni bora kupita zote? Anzisha ubishi huo Birere, Katindo ama Ndosho, na jina la PlayStation 2 halitakosa. Wadogo watataja PS4 ama PS5. Lakini kaka zao, waliojifunza kucheza kwa kulipia mechi moja moja mu chumba cha jirani, hawakubali hata kidogo.

Kwa nini PS2?

Sony iliitoa Japani tarehe 4 Machi 2000, ikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Ziliuzwa zaidi ya milioni 155, na inahesabiwa kuwa konsoli iliyouzwa kupita zote duniani.

Kwa mazingira yetu ilikuwa na faida zake. Haidai intaneti: unatia diski, unashika maneti, mnaanza. Inasoma diski za PlayStation ya kwanza na filamu za DVD, basi chombo kimoja kinafurahisha nyumba nzima. Inakubali televisheni ya zamani. Na mchezo wa mpira wa Konami, Pro Evolution Soccer, uliendelea kutolewa kwa PS2 hadi toleo la 2014.

Koltani iliingiaje?

Koltani ndiyo hutoa tantali, madini ya kutengenezea kapasita, vile vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu, kompyuta na konsoli. Mwaka 2000 viwanda viliogopa kuikosa, vikaagiza kupita kiasi. Bei ikaruka kutoka chini ya dola 40 kwa ratili (karibu nusu kilo) hadi zaidi ya dola 300. Huku Masisi, wengi waliacha jembe wakaenda kuchimba. Mu Novemba 2000, waasi wa RCD waliotawala Goma walipatia kampuni moja, SOMIGL, haki ya peke yake ya kuuza koltani nje. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na mchimbaji akabaki na shimo.

Je, PlayStation ilileta vita?

Kuna wanaosema hivyo, lakini tarehe zinakataa. Vita ya pili ilianza Agosti 1998, PS2 haijatoka bado. Tena konsoli ilikuwa mteja mmoja tu kati ya wengi. Simu na kompyuta zilihitaji tantali vilevile. Kilicho kweli ni kwamba pesa ya koltani ililisha wenye silaha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika hivyo mu ripoti yao ya Aprili 2001.

Uchague namna gani?

Anayehesabu mauzo atachukua PS2. Anayetaka picha safi atachukua PS5, ila aandae umeme wa uhakika na pesa ya intaneti. Anayependa kucheza na marafiki bega kwa bega atarudi kwa PS2.

Lakini yeyote utakayemchagua, kumbuka Rubaya, kule Masisi, ambako wachimbaji bado wanashuka na sururu na koleo. Mtoto wa Goma anaposhika maneti, pengine anashika kitu kilichotoka kilima cha jirani, kikazunguka dunia, kikarudi kuuzwa kwake kwa dola ambazo mchimbaji hajawahi kuziona.