Hatima na mwisho

Neno hatima, lenye asili ya Kiarabu, hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni sawa na mwisho, ilhali mwisho ni pale tu jambo linapokoma, na hatima hubeba pia majaaliwa, yaani yale yanayomfika mtu baada ya yote aliyoyatenda. Tofauti hiyo, inayostahili kulindwa, ilidhihirika tarehe 10 Juni 2007, tamthilia ya Marekani ya The Sopranos ilipofikia sehemu yake ya 86 na ya mwisho. Watazamaji walikuwa wamebashiri, wengine kwamba mhusika mkuu, jambazi Tony, angeuawa, wengine kwamba angefungwa. Lakini alionekana mkahawani akila vitunguu vya kukaanga pamoja na mkewe na mwanawe, huku binti yake akihangaika kuegesha gari nje, kisha kengele ya mlango ikalia, Tony akainua uso, na kioo cha televisheni kikawa cheusi, kimya, kwa takriban sekunde 10, hata wengi wakadhani matangazo yamekatika. Mwisho waliupata, hatima, ambayo ndiyo hasa waliyoingojea, mtunzi David Chase hakuionyesha, nao wakaendelea kuibishania kwa miaka.