Kupona Kunahitaji Makao

Mgonjwa haponi siku anapotoka hospitalini. Kidonda kinataka kuoshwa, dawa zinataka chakula na saa yake, mwili unataka usingizi. Mwenye nyumba hupata hayo kwa ndugu zake. Alalaye sokoni hana wa kumpa.

Waamini walei walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1548, mjini Roma, Filipo Neri, aliyekuwa bado mlei, alianzisha chama cha Utatu Mtakatifu pamoja na muungamishi wake, Padri Persiano Rosa. Chama hicho kiliwapokea mahujaji maskini, na baadaye pia wagonjwa waliotolewa hospitalini wangali dhaifu, ili wapate nguvu kabla ya kurudi kazini.

Wazo hilo lilizaliwa upya Marekani. Mkesha wa Noeli 1985, Daktari Janelle Goetcheus na wenzake walifungua Christ House mjini Washington, kwa ajili ya wagonjwa wasio na makao. Nyumba za namna hiyo zilipoongezeka, ilionekana kwamba huruma peke yake haitoshi. Mwaka 2016 vikatolewa viwango vya kitaifa: makao safi na salama, mgonjwa kukabidhiwa pamoja na taarifa zake, uuguzi wa kitaalamu, maandalizi ya kuondoka, na nyumba yenyewe kupima kazi yake.

Hapa Lubumbashi historia ilishika njia nyingine. Union Minière ilijenga kambi na hospitali kwa wafanyakazi wake na jamaa zao. Matibabu yalifuata kazi. Gécamines ilirithi desturi hiyo. Ilipodhoofika, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoiacha mwaka 2003, ilidhihirika jinsi afya inayotegemea mkataba isivyodumu. Naye alalaye nje hana mkataba wowote.

Msamaria Mwema hakuishia kumfunga yule mtu majeraha. Alimfikisha katika nyumba ya wageni, akalipa gharama, akaahidi kurudi. Kurudi huko ndiko kupima ubora wa huduma. Basi, ndugu wapendwa, kabla ya kutoa chumba na godoro, tujiulize: nani atabadilisha bandeji siku ya Jumapili? Karatasi ya daktari anayo nani? Na mgonjwa akishapona, atalala wapi?