Ukuta Mnene Hautoshi: Ngome za 7 Days to Die

Leo naweka kazi kando, tuongee gemu.

7 Days to Die ilianza kuuzwa kwenye Steam Desemba 2013 ikiwa bado haijakamilika. Toleo la 1.0 lilikuja Julai 2024. Kwa kawaida, kila usiku wa saba kundi la mazombi hukuvamia. Siku sita za mwanzo ni zako: chimba mawe, changanya zege, jenga.

Zamani nilijenga sanduku la zege, nene kila upande. Lakini gemu hii hupiga hesabu ya uzito unaobebwa na kila bloku. Nguzo ikivunjwa, ghorofa inakuangukia. Nilikufa sana.

Mwaka 2018, Alpha 17 iliwapa mazombi akili mpya: kutembea ni bei rahisi, kuvunja ukuta ni ghali, nao huchagua njia nafuu. Wazo lenyewe ni la kale. Edsger Dijkstra alichapisha algorithimu ya njia fupi mwaka 1959. Mwaka 1968 Hart, Nilsson na Raphael wakaleta A*, iliyotokana na mradi wa roboti Shakey huko California.

Basi wachezaji wakang'amua: usizibe kila mahali. Acha ujia mmoja wazi, mrefu, wenye mitego. Ukiuziba, ukuta wako unageuka kuwa njia.

Usiku wa kwanza kuacha mlango wazi, mikono ilinitetemeka. Kulipokucha, ukuta ulikuwa mzima. Jaribu nawe, kisha unipe habari.