Babu wa Babu Yako Alikuwa Nani?



Hebu jiulize: baba yake babu yako alizaliwa wapi, na lini? Wengi wetu hapa Kisii na Nyamira tukishamtaja babu, tunakwama. Na ukienda ofisini kutafuta cheti chake cha kuzaliwa utarudi mikono mitupu, manake uandikishaji wa vizazi haukuenea Kenya nzima mpaka mwaka 1971. Lakini kukosa cheti si kukosa historia. Njia ipo.

Anza na wazee

Usimuulize nyanya, "Alizaliwa mwaka gani?" Hatajua. Muulize, "Alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa jambo fulani?" Matukio ndiyo kalenda yako. Vita vya Saosao, Abagusii walipowashinda Wakipsigis karibu na mto Gucha, vilikuwa yapata 1892. Waingereza walikuja na bunduki 1905, wakajenga boma lao Getembe 1907, na Januari 1908 Otenyo akamchoma mkuki DC Northcote. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani wakapigana hapa hapa Kisii.

Sasa piga hesabu. Ukiambiwa kwamba sokoro alikuwa na mke tayari wakati wa Saosao, basi alizaliwa kabla ya 1875 hivi. Ukiambiwa alikuwa bado anachunga ndama Otenyo alipomchoma mzungu, basi alizaliwa karibu na 1900. Uliza pia egesaku chake, alizikwa wapi, na ujana wake alilala katika ebisarate gani, yale maboma ya ng'ombe ya vijana wapiganaji.

Jihadhari na majina. Mtoto hupewa jina la mzee aliyefariki, kwa hivyo jina moja laweza kuwa la watu watatu katika ukoo mmoja. Kila jina liandike pamoja na baba yake na mke wake.

Halafu fanya kama maulamaa wa Hadithi: andika isnadi. Nani kakuambia, naye aliambiwa na nani? Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili. Usichague ile inayokupendeza.

Kisha makaratasi

Wanubi wa Kisii wana mlango mwingine, kwa sababu wazee wao wengi walikuwa askari. Emin Pasha alipoondoka Equatoria mwaka 1889, askari wengi wa Kisudani walibaki nyuma na familia zao. Mwaka 1891 Lugard akawachukua kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaleta Uganda. Mwaka 1902 ilipoundwa KAR, wengi wakaingizwa humo. Jeshi lina desturi ya kuandika, basi huyo unaweza kumfuata kwa karatasi.

Kwa faili za utawala nenda Kenya National Archives, Moi Avenue, Nairobi. Usitafute "Nyamira", hutaiona. Zamani sehemu zetu zote zilikuwa chini ya wilaya iliyoitwa South Kavirondo, tafuta kwa jina hilo.

Lakini kumbuka kitu kimoja. Karatasi za jeshi zilimhesabu askari, si mama aliyetembea naye kutoka Sudan akiwa na mtoto mgongoni. Huyo mama utampata kwa nyanya peke yake.

Kwani kuna faida gani?

Waulize vijana wa Kinubi waliokwenda kuomba kitambulisho wakaambiwa walete karatasi za babu. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wenye asili ya Kinubi, kwa kuwaacha bila uraia tangu kuzaliwa. Kumbe nasaba si hadithi za jioni tu!

Na si jambo la kujivunia kabila pia. Mtume (s.a.w.) alituhimiza tujue nasaba zetu ili tuweze kuunga udugu. Ukimfuata babu mmoja utagundua jamaa Nyamira, Kibera, pengine hata Uganda, ambao hujawahi kuwatolea salamu.

Basi ndugu yangu, Ramadhan hii, baada ya futari na kabla ya tarawehe, kaa karibu na mzee mmoja. Chukua daftari, au simu yako irekodi. Makaratasi ya Nairobi yatakungoja. Mzee wa miaka tisini hana ahadi ya Ramadhan ijayo, na wewe pia huna.

Allah awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe watu wa kuunga udugu. Amin.